Simu imesema wifi ya shangazi ina mwizi

Ni siku nyingi sijaandika, kazi zimebana. Leo nataka tuzungumze kuhusu neno moja dogo ambalo hupotea kila simu inapotoa onyo. Neno lenyewe ni "huenda".

Chukua lile onyo jekundu la kivinjari cha Chrome ambalo nadhani kila mmoja wenu amewahi kukutana nalo. Kwa tafsiri yangu linasema hivi: muunganisho wako si wa faragha, huenda wavamizi wanajaribu kuiba habari zako, kwa mfano nywila, ujumbe au kadi za benki. Sasa mpe kijana wa kidato cha pili amsomee mama yake maneno hayo jikoni, vitunguu vikiwa kwenye mafuta. Atasema: "Mama, simu inasema kuna watu wanaiba nywila zako." "Huenda" imeanguka njiani, na "wanajaribu" nayo imeanguka. Mama akimsimulia jirani, wavamizi watakuwa wameshaiba tayari. Na jirani atauliza swali ambalo simu haikulijibu wala haina uwezo wa kulijibu: nani?

Hilo "nani" ndilo lililonipandisha basi la usiku kwenda Mombasa mwishoni mwa mwaka jana.

Shangazi yangu anaishi Kisauni, katika nyumba ya Kiswahili ya mtindo wa zamani. Mbele baraza, katikati ukumbi mrefu, vyumba huku na huku, kisha uani, ambako ndiko jiko liliko na ndiko maisha yote yanakopitia. Kuta zake ni nene. Kampuni ya intaneti iliiweka ruta chumba cha mbele kwa kuwa ndiko kebo ilikoingilia, na mawimbi yakawa yanafia ukumbini. Lakini shangazi hakulipia intaneti ili aifuate barazani! Aliitaka jikoni, azungumze na binti yake mkubwa aliye Muscat huku anakuna nazi. Basi akamwita Hamisi (si jina lake), kijana wa mtaani wa miaka ishirini na mmoja, fundi wa simu aliyejifunza mwenyewe. Hamisi akaleta ripita, kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachopokea wifi na kuisukuma mbele, akaichomeka ukumbini, akachukua shilingi mia tano za kazi yake. Uani kukawa na intaneti. Majirani wakaona, na nyumba nne nyingine zikamwita.

Ndani ya wiki tatu yakatokea mambo manne. Shangazi alikuwa anafungua tovuti ya benki, likamtokea lile onyo jekundu. Binamu yangu Maimuna, mwenye iPhone, akaona chini ya jina la wifi ya nyumbani maneno yenye maana ya "usalama hafifu". Kaka Salimu, mwenye simu ya zamani ya Android 8, alikuwa ameweka antivairasi ya bure, nayo ikamwambia kwamba kifaa kimoja kwenye mtandao kinajifanya kuwa vifaa vingine na huenda mawasiliano yake yananaswa. Salimu, kwa hasira, akaingia kwenye ukurasa wa ruta akahesabu vifaa vilivyounganishwa: kumi na tatu. Nyumba ina simu sita.

Ukiwa si mtu wa tarakilishi, utafikiri nini? Simu tatu za watu tofauti, za aina tofauti, na ruta ni shahidi wa nne, wote wanasema kuna jambo. Mimi simlaumu shangazi hata kidogo. Hakimu yeyote akiletewa mashahidi wanne wasiojuana atasikiliza. Na mtu wa mwisho kuigusa wifi ile alikuwa Hamisi.

Akanipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha moja kwa moja: "Wewe umesomea mambo haya. Mtu akikuchungulia ndani ya wifi, polisi wanampataje?" (Wifi ya intaneti, jamani. Jirani wa upande wa pili alisikia nusu ya mazungumzo ukutani, akafikiri shangazi anamsema wifi yake wa Kilifi. Lugha yetu ina mambo.)

Nilipoulizia zaidi nikapata picha kamili. Hamisi alikuwa ameshaambiwa asikanyage pale. Nyumba mbili kati ya zile nne zilikuwa zimemrudishia ripita zake na kudai pesa. Mama yake, ambaye hukaa na shangazi chama kimoja, hakuenda kikao cha Jumamosi. Na Salimu alitaka kwenda kituoni Jumatatu. Sasa hapo ndipo niliposimama wima. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 si mchezo: kunasa mawasiliano ya data bila idhini, faini ni hadi shilingi milioni kumi au kifungo cha hadi miaka mitano, au vyote viwili. Hata kama kesi haifiki popote, kijana wa mtaani anayeitwa mdukuzi mbele ya polisi, na mlalamishi ana picha za simu tatu zenye maandishi mekundu ya Kiingereza, atajitetea kwa maneno gani?

Nikamwambia, "Shangazi, msiende popote kabla sijafika. Na tafadhali msizime chochote, msibadilishe chochote." Hilo la pili ni muhimu kuliko linavyosikika. Watu wakiogopa huzima ruta, hufuta programu na kubadilisha kila kitu, kisha hakuna anayeweza tena kujua kilichotokea.

Jumamosi baada ya swala ya alasiri tukakaa barazani. Nilitaka Hamisi awepo, na baba yake akaja naye. Nikafungua tarakilishi yangu, tukaanza na simu ya shangazi.

Bahati nzuri mjukuu alikuwa amepiga picha ya skrini. Picha ya skrini ina saa juu: Jumatatu, saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Nikamwomba shangazi anionyeshe ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya intaneti ya mwezi ule. Jumatatu hiyo hiyo, saa nne kasoro. Kifurushi kilikuwa kimeisha usiku wa Jumapili. Jamani, hapo palikuwa na jibu lote!

Wacha nieleze. Kifurushi kikiisha, kampuni nyingi hazikati kebo. Huacha simu yako iendelee kuunganishwa na ruta, lakini kila unakotaka kwenda unaelekezwa kwenye ukurasa wao wa "lipa". Simu za siku hizi zina ujanja wa kugundua hali hiyo. Android, ikijiunga na wifi, huomba kwa siri ukurasa mdogo kutoka seva za Google ambao unatakiwa kujibu kwa nambari 204, yaani "nimekupata, sina cha kusema". iPhone nayo huomba ukurasa wa captive.apple.com ambao una neno moja tu la kuthibitisha kuwa mambo ni sawa. Jibu likija tofauti, simu inajua kuna lango na inakuambia uingie kwanza. Lakini kifurushi kikifia usiku, simu ikiwa imeshaunganishwa tangu jana, unaweza kuamka ukaenda moja kwa moja kwenye tovuti ya benki kabla simu haijashtuka. Kivinjari kinabisha hodi benki, anaitikia mtu mwingine, na mtu huyo hana cheti cha benki. Kivinjari kifanye nini? Kipige kelele, na ni sawa kabisa kupiga kelele. Kweli kulikuwa na mtu katikati ya shangazi na benki: kampuni yenyewe ya intaneti, ikidai pesa zake.

Hili si jambo la Kisauni peke yake. Mwaka 2017 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa makosa ya vyeti katika Chrome, wakakuta zaidi ya nusu yanatokana na kifaa cha mtumiaji au mtandao aliomo, wala si tovuti iliyosanidiwa vibaya. Malango kama hili la "lipa" yamo, na saa ya simu iliyopotoka imo. Cheti cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Simu iliyokaa bila chaji ikaamka ikidhani tuko mwaka 2015 itaona kila cheti duniani ni cha uongo. Na tatizo hili litaongezeka: tangu Septemba 2020 vivinjari vikubwa vilikataa vyeti vipya vya zaidi ya siku 398, na mwaka 2025 watengenezaji wa vivinjari na watoaji wa vyeti walikubaliana kupunguza hatua kwa hatua hadi siku 47 ifikapo 2029. Zamani saa ikikosea kwa miezi miwili ungeweza usijue. Siku hizo zinakwisha.

Iphone ya Maimuna haikutuchukua muda. Tangu iOS 14 ya mwaka 2020, simu hizo huandika "usalama hafifu" zikikuta wifi inayotumia kufuli la kizamani. Historia kwa ufupi: kufuli la kwanza la wifi, WEP, lilivunjwa na wataalamu mwaka 2001. Likaja WPA mwaka 2003 na mbinu iitwayo TKIP, ambayo ilikuwa kiraka ili vifaa vya zamani visitupwe. Mwaka uliofuata ikaja WPA2 yenye AES, na mwaka 2018 WPA3. Ruta ya shangazi ilitoka kwa kampuni ikiwa kwenye hali ya mchanganyiko, inakubali WPA ya kale na WPA2 pamoja. Onyo lilikuwa la kweli, kufuli lilikuwa la zamani. Lakini kufuli kuukuu mlangoni halimaanishi mwizi yumo ndani, wala haikuwa kazi ya Hamisi, maana ripita hunakili tu mpangilio inaoukuta kwenye ruta. Nikaingia kwenye ruta, nikachagua WPA2 yenye AES peke yake, dakika nne, yale maneno yakatoweka. Maimuna akaniangalia kama kwamba nimefanya mazingaombwe.

Sasa ya Salimu. Hii ndiyo iliyotaka kumpeleka Hamisi kituoni, na ndiyo ninayotaka kukaa nayo kidogo.

Ndani ya wifi ya nyumbani kila kifaa kina anwani mbili. Moja ni ya IP, ambayo ruta humgawia, kama nambari ya kiti kwenye matatu. Nyingine ni ya MAC, tarakimu kumi na mbili, kama nambari ya kitambulisho. Simu ikitaka kupeleka kitu kwa ruta, hupaaza sauti: "Mwenye 192.168.1.1 ni nani?" na ruta hujibu, "Ni mimi, MAC yangu ni hii." Utaratibu huo unaitwa ARP, na uliandikwa Novemba 1982, wakati ambapo mitandao ilikuwa ya watu wanaofahamiana. Hakuna anayedai kitambulisho. Yeyote anaweza kuitikia "ni mimi". Mdukuzi aliye ndani ya wifi yako akiwahi kuitikia kwa niaba ya ruta, mawasiliano yako yatapitia kwake. Shambulio hilo ni la kweli, lipo, na programu zake ni za bure.

Antivairasi ya Salimu hutafuta dalili moja: anwani nyingi za IP zenye MAC moja. Kwa mantiki yake, huyo ni mtu mmoja anayeitikia majina mengi. (Kwa taarifa yako, tangu Android 10 ya mwaka 2019 programu za kawaida zimenyimwa ruhusa ya kusoma orodha ya ARP, ndiyo maana ni simu kuukuu ya Salimu iliyoweza kuona mambo haya.) Nikafungua orodha hiyo kwenye tarakilishi yangu, nikawaonyesha. Kweli! Anwani nne za IP, MAC moja. Salimu akapiga paja: "Si nimewaambia?"

Nikamwomba Hamisi alete ripita tuisome stika yake. MAC ile ile.

Ripita za bei nafuu hufanya kazi hivyo hivyo zilivyotengenezwa. Ripita huingia kwenye ruta kama mteja wa kawaida, na bahasha ya wifi ya mteja wa kawaida haina nafasi ya kuandika jina la mtu mwingine kama mtumaji. Basi ripita huandika jina lake yenyewe kwa niaba ya kila simu iliyo nyuma yake. Ni kama mtoto wa duka anayetumwa na akina mama watatu wa uani: muuzaji anamwona mtoto mmoja tu, na kila mara anataja mtu mwingine. Zile anwani nne zilikuwa ripita yenyewe na simu tatu zilizokuwa jikoni wakati huo.

Lakini maneno matupu hayatoshi pale mtu ameshaitwa mwizi. Nikafanya majaribio mawili. La kwanza, nikachomoa ripita ukutani. Kutoka uani zikaja sauti mbili kwa pamoja, "Wifi imekatika!" na kwenye skrini zile anwani nne zikaacha kuitikia. Nikairudisha, zikarudi. La pili ndilo lenye uzito: aliyevamia kwa ARP hujifanya ruta, maana ndiko mawasiliano yote yanakopita. Kwa hiyo tazama MAC ya 192.168.1.1 peke yake, kisha pindua ruta usome stika iliyo chini yake. Zetu zilifanana isipokuwa tarakimu ya mwisho, jambo la kawaida kwa kuwa ruta ina anwani kadhaa zinazofuatana. Nikampa Salimu asome kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu, ili isiwe mimi niliyesema.

Vile vifaa kumi na tatu? Simu sita. Tatu kati ya hizo zilikuwa zimejiunga mara mbili, mara kwa jina la ruta na mara kwa jina la ripita lenye "_EXT" mwishoni, na kwa kuwa tangu Android 10 na iOS 14 simu hujitengenezea MAC ya bandia kwa kila jina la wifi, kila moja ilihesabiwa kama mbili. Hizo ni tisa. Televisheni, tarakilishi ya Maimuna, ripita yenyewe, na simu ya mjomba aliyekuja Ijumaa, ambayo ruta ilikuwa bado haijaisahau. Kumi na tatu. Ukitaka kuijua MAC ya bandia nyumbani kwako, tazama herufi au tarakimu yake ya pili: ikiwa ni 2, 6, A au E, ni ya kujitengenezea.

Shangazi alikuwa kimya muda wote. Mwisho akauliza lililokuwa moyoni mwake: "Na pesa zangu za M-Pesa?" Yeye hutumia menyu ya laini, ile ya zamani. Nikamweleza kwamba menyu hiyo hupita kwenye mnara wa simu, haiijui wifi wala wifi haiijui. Hata Hamisi angekuwa jambazi wa daraja la kwanza, asingeiona namba yake ya siri kupitia kidude kile. Na tovuti ya benki, siku hizi inafungwa kwa ufunguo kati ya simu na benki, hivyo aliye katikati huona jina la benki tu, haoni kilichoandikwa. Kwa nini hakuna aliyemwambia hivyo kabla ya wiki tatu za kukosa usingizi? Kwa sababu onyo halikuandikwa kwa ajili ya hofu yake, liliandikwa kwa ajili ya yule aliyeliandika.

Salimu hakushindwa kirahisi, na alikuwa na swali la haki: "Lakini Hamisi ndiye anayeijua nywila ya ruta. Akitaka si anaweza?" Ndiyo, anaweza. Mwenye nywila ya usimamizi wa ruta anaweza kubadilisha DNS, ile daftari ya kutafsiri majina ya tovuti, akakupeleka anakotaka. Nikaangalia: DNS zilikuwa zile za kampuni, hazijaguswa. Tukabadilisha nywila mbele ya wote, shangazi akaichagua mwenyewe (sitasema, lakini ina chakula ndani yake), na Hamisi mwenyewe akasema ndivyo inavyofaa. Tukasasisha programu ya ruta pia, kwa sababu huko ndiko hatari ya kweli ilikowahi kupita. Mei 2018 kampuni ya Cisco ilitangaza virusi vilivyoitwa VPNFilter, vilivyoingia kwenye ruta na vifaa vya kuhifadhia data visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54, hadi FBI ya Marekani ikawaomba watu wazime na kuwasha ruta zao. Kitu kama hicho hukaa ndani ya ruta, mahali ambapo simu yako haichunguzi. Hapo usingoje onyo.

Baba yake Hamisi aliuliza jambo moja tu: kama mwanawe ameondolewa lawama. Shangazi akasema ndiyo, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, na nadhani ilikusudiwa isikike. Hamisi naye akaniambia maneno ambayo bado ninayo kichwani: "Kaka, mimi nilijua ni ripita tu. Ila sikuwa na la kuwaambia. Simu ilikuwa imeshasema."

Mimi huandika programu kwa riziki yangu, na maonyo huandikwa na watu kama mimi, mara nyingi Ijumaa jioni, mara nyingi bila kufikiri nani atasoma. Utafiti wa Devdatta Akhawe na Adrienne Porter Felt wa mwaka 2013, uliotazama maonyo zaidi ya milioni 25 ya vivinjari, ulikuta watumiaji wa Chrome walipita juu ya onyo la cheti kwa asilimia 70 hivi. Tangu hapo Google wameliandika upya mara kadhaa, na saa ya simu ikikosea siku hizi Chrome husema wazi kwamba saa yako imekosea. Hilo nalisifu. Lakini tukizungumzia maonyo, sisi mafundi huhesabu tu wale wanaopuuza. Wanaoamini kupita kiasi hatuna takwimu zao. Yuko wapi mtafiti aliyehesabu wapangaji walioshukiwa, mayaya waliofukuzwa, mafundi walionyimwa kazi kwa sababu ya maandishi mekundu? Na ile antivairasi ya bure, chini ya onyo lake ilikuwa na kitufe kimoja tu: nunua toleo la kulipia. Duka la kufuli halina faida ya kukuambia mlango wako ni mzima.

Kazini nimeanza ubishi mdogo. Nataka kila onyo letu liseme mambo matatu: simu imeona nini hasa, sababu ya kawaida ni ipi, na mtu afanye nini kabla ya kumshuku yeyote. Na liwepo kwa Kiswahili, "huenda" likiwa neno la kwanza kabisa ili lisianguke njiani. Mkuu wangu anasema maneno ni mengi mno kwa skrini ndogo. Bado tunabishana.

Shangazi alipeleka sinia la biriani kwa mama yake Hamisi Jumapili ile, na chama kimerudi watu wote. Kati ya nyumba mbili zilizomrudishia ripita, moja imemwita tena. Ya pili bado, na wakikutana naye njiani hushika simu zao mkononi.

Hamisi siku hizi akiweka ripita huandika karatasi na kuibandika chini ya ruta: tarakimu nne za mwisho za MAC ya ruta, nne za ripita, na tarehe kifurushi kinapoisha. Wiki iliyopita alinitumia picha ya skrini kutoka nyumba moja ya Mtwapa, onyo jekundu, mwenye nyumba yuko juu juu. Nikamwambia angalie saa ya simu. Akanijibu baada ya dakika moja: ilikuwa inasema Januari 2010.